Ulaini wa Safari Uko Ubavuni mwa Tairi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Swali mnaloniuliza sana ni hili: gari la njia mbovu nilivishe tairi gani ili liache kuturusharusha? Nawaona wengi mkienda dukani mnakagua meno kwanza. Anzeni na ubavu, ule mpira ulio kati ya rimu na meno.

Chukueni tairi lililoandikwa 265/65R17. Upana wake ni milimita 265. Ile 65 ni asilimia ya upana huo, na ndiyo kimo cha ubavu: kama milimita 172. Mwisho, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa liwekeni kando ya 265/50R20. Kwa kimo cha jumla yanakaribiana mno, lakini la pili limebakiwa na ubavu wa milimita 132 tu. Milimita 40 za upepo zimekwenda, nafasi yake imechukuliwa na chuma. Rimu kubwa inapendeza macho, sikatai, ila mgongo ndio unaolipa. Basi chagueni rimu ndogo kadiri breki za gari zinavyoruhusu, na kimo cha jumla kibaki kile cha kiwandani. Mtaona gari linalegea kidogo kwenye kona. Ni gharama ndogo.

La pili, ugumu wa tairi lenyewe. Kuna matairi yenye herufi LT mbele ya saizi, na mengine yana daraja la mzigo E, ambalo watu huliita la nyuzi kumi. Siku hizi hiyo kumi ni kipimo cha nguvu, si idadi ya matabaka. Tairi hilo limeundwa libebe mzigo mzito, hata kwa upepo wa psi 80 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Anayebeba mzigo kila siku au anayepita kwenye mawe makali, alinunue bila wasiwasi. Lakini familia ya watu wanne na mabegi? Mnanunua ugumu msiouhitaji, tena na uzito: gurudumu zito likirushwa na shimo, shokapu inapata kazi kubwa kulituliza. Tazameni tu namba ya uwezo wa mzigo isishuke chini ya ile aliyotaka mtengenezaji wa gari.

Meno nayapitia haraka. Meno makubwa ya matope huvuma kwenye lami na kutetemesha usukani. Kama sehemu kubwa ya safari ni lami na changarawe, matairi ya mchanganyiko, ya lami na vumbi, yanatosha kabisa.

Upepo sasa, na hapa nasisitiza kwa moyo wote. Namba ya psi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi haikuwekwa ili mjaze kiasi hicho kila siku. Kipimo cha kawaida kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Mkibadili aina ya tairi, ulizeni kipimo kipya kinacholingana na mzigo wenu. Mchangani punguzeni upepo, mwende polepole, kisha mjaze tena kabla ya kukimbia. Tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo kasi huchemka na kupasuka.

Na kabla ya kulipa, tafuteni tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi; ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa ukikaa, hata kama haujawahi kugusa barabara, kwa hiyo someni kwenye matairi yote, pamoja na la akiba.