Akupancha siku ya kwanza: sindano ndiyo kazi ndogo

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Tangu niwaambie mgongo wangu unatibiwa kwa akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini, swali ni lile lile: inauma? Nitalijibu, ila sindano zenyewe ndiyo kazi ndogo siku ile ya kwanza.

Ukifika utaulizwa maswali hadi ushangae kama umekuja kutibiwa au kuhojiwa polisi. Unalalaje, choo kikoje, maumivu yanazidi asubuhi au jioni. Mtaalamu atakushika mikono yote miwili kupima mapigo, kisha atakwambia toa ulimi. Wanaangalia rangi na utando wake, kwa hiyo siku hiyo usiukwangue wala usinywe kahawa kabla. Kikao cha kwanza huweza kufika saa nzima au saa na nusu. Vinavyofuata huwa vifupi.

Hapo ndipo pa kusema yote. Una mimba? Sema, kuna sehemu huepukwa, kama ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Sema. Umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Sema mara mbili, maana wengine hupitisha umeme mdogo kwenye sindano.

Sasa maumivu. Msiwaze sindano ya hospitali. Hii haina tundu, haiingizi dawa, na unene wake ni kama robo ya milimita, mara nyingi chini ya hapo. Ikiingia unaweza usisikie kitu. Akiizungusha kidogo ndipo unakuja uzito, ganzi, au mvuto unaotambaa. Wachina huuita de qi, na wataalamu wengi huutafuta. Lakini ikichoma kwa ukali na isitulie, mwambie hapo hapo, usijikaze kisabuni. Na usishangae mgongo unauma halafu unachomwa mguuni. Baada ya hapo unalala kimya dakika 15 hadi 30. Wengi husinzia. Mimi hukoroma, nimeambiwa.

Nenda umekula kidogo, njaa huleta kizunguzungu. Sindano zitoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe ukiona, na zikishatumika zitupwe. Hilo sina mzaha nalo. Baadaye unaweza kuvilia damu kidogo au kuchoka. Ukichomwa kifuani au mgongo wa juu kisha pumzi ikakubana, kimbia hospitali: ni nadra sana, ila pafu huweza kutobolewa.

Je, inasaidia? Ushahidi ulio bora uko kwenye maumivu sugu, kuumwa kichwa na kipandauso. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2021 iliiweka kati ya tiba za kufikiriwa kwa baadhi ya maumivu sugu. Ila kwenye utafiti, ukilinganisha sindano za kweli na za kuigiza (mgonjwa hudhani anatibiwa kumbe sivyo), tofauti mara nyingi huwa ndogo. Mimi nimepata nafuu, na sibishi kwamba kulala nusu saa bila simu kumechangia. Anayekuahidi kuponya kisukari au saratani kwa sindano, mkimbie, na dawa za daktari usiziache.

Kikao kimoja hakipimi kitu. Wengi hupangiwa kimoja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kubalianeni mapema mtaangalia nini: unaamshwa na maumivu mara ngapi usiku, unatembea umbali gani. Kikifika cha sita hivi na hakuna kilichobadilika, muulize wazi kama kuna haja ya kuendelea.