Svin, gris, na nani alimkopa nani

Haya jamani tuendelee, na nyie mliokunja uso tulieni, hapa hakiliwi kitu, tunachambua neno tu.

Kila nikiongea habari ya svin, yaani nguruwe kwa lugha za Skandinavia, lazima mtu adakie, "mwalimu si ni swine ya Kiingereza hiyo, wamekopa tu." Hapana, na hapana tena! Mswidi, Mdenmaki na Mnorwe wanasema svin, Mjerumani Schwein, Mholanzi zwijn, na Biblia ya Wagothi, watu wa kale wa ukoo wa Kijerumani, ya karne ya 4 inayo swein tayari. Sasa Mwingereza kamkopesha Mgothi saa ngapi na Kiingereza chenyewe hakijazaliwa? Hawa ni ndugu wa tumbo moja, mzazi hayupo hapo. Ukipanda juu zaidi unakuta sus ya Kilatini, ukoo ule ule.

Sasa gris, hii ndo tamu. Kwenye Kinordi cha kale, lugha ya Waviking wale mabaharia wa zamani wa Skandinavia, gríss ni mtoto wa nguruwe, mkubwa ni svín. Leo nenda Stockholm au Oslo, mnyama mzima anaitwa gris, na hiyo svin utaikuta zaidi buchani na kwenye matusi, Norway nyama yake ni svinekjøtt ila mwite mtu svin uone. Yani mtoto kamtoa baba kwenye kiti! Utaniambia labda ilikuwa hivyo tangu mwanzo, haya muulize Mwaislandi, kwake mpaka leo svín ni mkubwa na grís ni mtoto. Na kama mkopo mnautaka sana, basi ni Waingereza wa zamani na Waskoti waliochukua grice kwa Waviking, kwa hiyo mkopaji ni yule yule mnayemdhani tajiri.

Mfaransa naye kachukua. Waviking walimwita yule pomboo mdogo marsvin, nguruwe wa bahari, Mfaransa akalibeba likawa marsouin mpaka leo. Halafu Mdenmaki neno hilo hilo marsvin analitumia pia kwa yule panya mnene wa kufugwa asiye na mkia, sasa akikwambia kanunua marsvin uliza kwanza kama anahitaji beseni au bahari 😂 Na kalunguyeye wao ni pindsvin, nguruwe wa vijiti, basi tu.

Gríss yenyewe ilitoka wapi wataalamu bado wanavutana, nairuka. Freyja, mungu jike wa Waviking, jina lake moja ni Sýr, nguruwe jike, na alikuwa anaheshimiwa nalo, nairuka pia, muda huu. Wafini ni ukoo mwingine kabisa, mkubwa kwao sika, ila mtoto porsas, na hiyo ni mkopo wa kale mno, ndugu yake ni porcus ya Kilatini. Haya, maswali.