Jinsi ya Kusokota Kamba Imara kwa Nyuzi za Mimea

Karibuni, watazamaji. Leo tunatengeneza kamba kwa mikono mitupu, na nimeanza na kamba kwa makusudi, kwa sababu shoka la jiwe lisilo na kamba ni jiwe na kijiti tu, na upinde wa kupekechea moto usio na kamba ni fimbo iliyopinda. Wengi wakiingia porini hufikiria kisu kwanza. Mimi nikiambiwa nichague ujuzi mmoja, nitachagua huu bila kusita.

Hapa nina jani la mkonge. Kama huna mkonge, tafuta gome la ndani la mti, yaani ule utando laini ulio kati ya gamba la nje na mbao yenyewe, hasa katika tawi lililoanguka na kulowa kwa muda mrefu, kwa kuwa maji huozesha kile kinachogandamanisha nyuzi na kuziacha nyuzi zenyewe. Kata ncha ya jani kwanza, maana mwiba wake hauna simile, na usiache utomvu ukae kwenye ngozi kwa sababu unawasha. Ponda jani kwa kipande cha mti, lilaze juu ya gogo, ulikwangue kwa ubapa wa kijiti mpaka rojo la kijani litoke na nyuzi nyeupe zibaki. Sehemu hii nimeipitisha haraka kwenye video, kwani haina siri yoyote ila jasho.

Anika nyuzi kivulini hadi zikauke kabisa, kisha zilowanishe kwa dakika chache tu kabla ya kusokota. Nyuzi mbichi zinaonekana tiifu mkononi, lakini zikikaukia ndani ya kamba husinyaa na msokoto wote hulegea. Nyuzi kavu zisizolowanishwa nazo hukatika ukizipinda.

Sasa nasogeza kamera karibu. Chukua fungu jembamba la nyuzi, ulikunje, lakini usilikunje katikati: upande mmoja uwe theluthi moja ya urefu na mwingine theluthi mbili. Shika mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia, shika upande ulio mbali nawe, usokote kuelekea mbele, mbali nawe, mpaka ukaze na uanze kutaka kujikunja wenyewe, kisha uulete kwako ukipita juu ya upande wa pili. Ule uliokuwa karibu nawe sasa uko mbali. Usokote vilevile kuelekea mbele, uulete kwako, na uendelee hivyo hivyo.

Naona kwenye kioo cha kamera kwamba mkono wangu umefunika kila kitu, kwa hiyo nageuka kidogo na kurudia polepole. Mbele, kisha kwangu. Mbele, kisha kwangu. Kila upande unataka kujifungua kwa kurudi kwangu, ilhali zile pande mbili kwa pamoja zinataka kujifungua kwa kwenda mbele, na kwa kuwa haziwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, zinakabana. Ndiyo maana nikiachia ncha hii, kamba haifumuki. Mbinu hii si ya jana: katika pango la Abri du Maras, Ufaransa, kilipatikana kipande cha uzi cha urefu wa milimita 6 hivi, kilichotangazwa mwaka 2020, ambacho ni kazi ya Waneandathali, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, wa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kilikuwa cha nyuzi za gome la ndani, mafungu matatu yaliyosokotwa upande mmoja kisha yakazungushwa pamoja kwa upande wa pili, kama tufanyavyo sasa.

Tumefika kwenye kuunga, na hapa naomba utulivu. Kabla upande mfupi haujaisha, ukiwa umebaki urefu wa kidole kimoja, chukua fungu jipya lenye ncha iliyochongoka, lilaze kwenye njia panda ya zile pande mbili, na uache mkia wake utokeze nyuma. Sokota fungu jipya pamoja na mabaki ya lile la zamani kana kwamba ni kitu kimoja. Usiunge pande zote mbili mahali pamoja. Ndiyo sababu tulikunja theluthi kwa theluthi mbili: pande zisiishe kwa pamoja. Ukiona zinakaribia kuisha pamoja, punguza moja kwa makusudi. Narudia, usiunge mahali pamoja, kwa sababu kamba yote itakuwa na nguvu ya pale padhaifu tu, hata kama sehemu nyingine zote zimesokotwa vizuri kupita kiasi.

Mmesikia huo mlio? Unyuzi mmoja umekatika, kwa kuwa jua limeukausha wakati nikizungumza. Nalowesha vidole, nafumua mizunguko miwili, naongeza nyuzi chache, naendelea. Kukatika kwa unyuzi mmoja si msiba, lakini kuendelea kama vile hujausikia ni uzembe.

Binafsi napenda kamba nyembamba zaidi kuliko inavyohitajika, kisha naikunja na kuisokota tena mara mbili, kwa kuwa kosa la uzi mmoja humezwa na uzi wa pili. Wengine huiona kazi ya ziada, na kwa kufungia mzigo wa kuni wana haki, ila kwa upinde wa kupekechea moto, ambako kamba husuguliwa bila kupumzika, sikubaliani nao.

Mwishoni piga fundo, kisha ifunge kamba ikiwa imevutwa kati ya miti miwili mpaka ikauke. Mikia ya viungo ikate baada ya kukauka, si kabla, kwani ukiikata mapema hurudi ndani na kiungo kikachomoka. Kisha ijaribu kwa kuivuta kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama chini, ukitazama viungo kimoja kimoja, na usiitumie kamwe kuning'inizia mtu.