Swali Ambalo Kompyuta Haina Jibu Lake

Mabibi na mabwana, chukueni namba yoyote ya kuhesabia. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3, ongeza 1. Rudia mpaka ufike 1, kisha simama. Kuanzia 6 utapita 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1: hatua nane. Kuanzia 27 utapanda hadi 9,232 na kusimama hatua ya 111. Je, kila namba hufika 1? Hakuna aliyethibitisha, ingawa kompyuta zimekwisha kujaribu zote hadi 2 kipeo cha 68.

Tungekuwa na programu ya ukaguzi, tuiite Mkaguzi, ingetutatulia. Unampa programu yoyote na data yake, anajibu "itasimama" au "haitasimama", bila kukosea. Haiwezekani, na tatizo si mashine kuwa za polepole.

Tuseme yupo. Naandika programu ya pili, Mkaidi, na jina linamfaa. Akipokea matini ya programu, humpa Mkaguzi matini hiyo mara mbili: kama programu na kama data. Akiambiwa "itasimama", anazunguka milele; akiambiwa "haitasimama", anasimama papo hapo. Sasa mpe Mkaidi matini yake mwenyewe. Mkaguzi akisema atasimama, hasimami. Akisema hasimami, anasimama. Kwa hiyo Mkaguzi hayupo. Mzizi wa hoja hii ni kazi ya mwanahisabati Mwingereza Alan Turing ya mwaka 1936. Umbo hili lilinyooshwa na waliomfuata.

Wapo wanaosema: iendeshe tu, usubiri. Ikisimama, sawa. Isiposimama baada ya wiki, hujajua kitu. Pengine ilibakiza sekunde moja. Ndiyo maana seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, huwekewa kikomo cha muda, na kikomo hicho wakati mwingine hukata kazi nzima isiyo na kasoro.

Antivirusi nazo zimebanwa hapo hapo: hakuna inayoweza kunasa virusi vyote bila kuzishuku faili safi. Mtengenezaji huchagua tu akosee upande gani.

Kwenye programu za vyombo vya angani, sharti la kawaida ni kila mzunguko, yaani maagizo yanayorudiwa, uwe na idadi ya juu ya marudio inayojulikana mapema, na programu isijiite yenyewe. Hapo kusimama kuna hakika. Gharama yake ni kwamba zipo hesabu zinazowezekana kabisa ambazo mizunguko ya namna hiyo haiwezi kuzifanya.