Jinsi ya kupima utungishaji wa mayai ya urchini kwenye maji yaliyozidi tindikali

Habari zenu, karibuni maabara. Leo tunakutanisha mayai na mbegu za urchini wa baharini, yule mnyama wa duara mwenye miiba tunayemkwepa miambani maji yakitoka, tuone uzazi wake unakuwaje bahari ikizidi tindikali. Tangu dunia ianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi, pH ya maji ya juu ya bahari, yaani kipimo cha tindikali ambacho kikishuka tindikali imezidi, imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Msiidharau hiyo 0.1, maana ni ongezeko la tindikali la zaidi ya robo. Hewa ya ukaa ikiendelea kumwagwa angani bila kizuizi, mwisho wa karne hii tunaweza kufika 7.8 au hata 7.7. Sisi tutajaribu 7.7.

Tunatumia Echinometra mathaei, wale wadogo wanaokaa kwenye vishimo vya miamba, Kenya na Tanzania wapo. Ongea kwanza na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi cha eneo lako, na ndani ya hifadhi ya bahari usiokote bila kibali. Chukua kadhaa, kwa sababu kwa kuwatazama nje huwezi kujua jike ni yupi.

Hatua ya kwanza, maji. Chuja maji ya bahari, yagawe mitungi miwili yenye joto sawa. Wa kwanza usiuguse. Wa pili upulizie hewa ya ukaa taratibu, kipima pH kikiwa ndani. Angalieni namba zinavyoporomoka! Ikifika 7.7 funga gesi, funika mtungi. Kuna wanaomwagia asidi moja kwa moja. Mimi sishauri: pH itashuka kweli, lakini kaboni haiongezeki kama inavyoongezeka baharini, kwa hiyo unapima kitu kingine.

Hatua ya pili. Yeyusha gramu 3.7 za kloridi ya potasiamu kwenye maji yaliyokenekwa, ujazo wote ufike mililita 100. Mgeuze urchini, mchome nusu mililita kwenye ngozi laini inayozunguka mdomo, kisha mtikise polepole. Ndani ya dakika chache vitundu vya mgongoni vinaanza kutoa. Uji mweupe mzito, huyo dume. Punjepunje zenye rangi, huyo jike: mlaze mgongo ukitazama chini juu ya bika iliyojaa maji ya bahari, mayai yazame yenyewe. Dume usimtie maji kabisa. Nyonya mbegu zikiwa kavu, weka kwenye barafu.

Hapa ndipo penye siri. Ndani ya dume mbegu zimetulia kwa sababu hewa ya ukaa ni nyingi na pH iko chini. Zikigusa maji ya bahari, pH ndani yake inapanda na mikia inaanza kupiga. Sasa fikiria maji yenyewe yana tindikali. Mwaka 2008 Jon Havenhand na wenzake walishusha pH kwa 0.4, wakaona mbegu za Heliocidaris erythrogramma, urchini wa Australia, zikipungua mwendo kwa asilimia 11.7. Mwaka uliofuata Maria Byrne na wenzake, kwa spishi hiyohiyo, hawakuona utungishaji ukidhurika. Moja ya mambo yanayojadiliwa kueleza tofauti hiyo ni wingi wa mbegu. Ukimimina nyingi, kila yai litapata hata kama mbegu zimechoka. Baharini mawimbi huzitawanya mpaka zikawa chache.

Kwa hiyo hatua ya tatu msiiharakishe. Gawa mayai mafungu mawili, moja kwa kila mtungi, na kila fungu lisuuze mara mbili kwa maji ya mtungi wake. Tia tone moja la mbegu kwenye mililita 10 za maji yaleyale, kisha chota mililita 1 uitie kwenye mililita 9, rudia tena na tena mpaka uwe na viwango vinne. Hapo fanya chapuchapu, mbegu zilizokwisha kutiwa maji hazidumu. Tia kiasi sawa cha kila kiwango kwenye mayai.

Subiri dakika 10, weka slaidi kwenye hadubini. Yai lililotungishwa limezungukwa na utando ulioinuka, duara ndani ya duara. Hesabu mayai 100 kila sampuli, na mwenzako afiche lebo ili usijue unahesabu maji yapi. Tofauti itafute zaidi kwenye viwango vyepesi. Rudia kwa jozi nyingine za wazazi, kwa sababu dume mmoja si sawa na mwingine.

Mayai mengine yaache kwenye maji yaleyale, pH ukiikagua kila siku. Baada ya siku mbili hivi utaona viluwiluwi wenye mikono iliyoshikiliwa na vijiti vya chokaa. Haruko Kurihara na Yoshihisa Shirayama, mwaka 2004, walipata kwamba hata kwa Echinometra huyu, viluwiluwi hupungua ukubwa hewa ya ukaa ikizidi, ingawa baadhi ya viwango vyao vilikuwa vikali kuliko 7.7 yetu. Piga picha pamoja na rula ya hadubini, pima urefu wa mkono kwa viluwiluwi 30 kutoka kila mtungi, uandike na pH ya siku hiyo pembeni.