Sukari Tusizoweza Kuzimeng'enya

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo nipo na mwenzangu, Kaka Idi, ambaye amefanya kazi kwa miaka kadhaa katika maabara ya mikrobiolojia, na tunazungumzia namna kabohaidreti za prebiotiki zinavyochochea ukuaji wa bakteria wa probiotiki. Kaka Idi, tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa watu wengi huyachanganya.

IDI: Asante, Dada Rehema. Probiotiki ni viumbe hai. Wataalamu wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na WHO, shirika la afya, walieleza mwaka 2001 kwamba ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Prebiotiki ni chakula cha vijidudu hivyo. Jina hilo lilipendekezwa na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid mwaka 1995, nao walisisitiza sifa moja ambayo kwangu ndiyo roho ya jambo lote, nayo ni uteuzi: kabohaidreti inayolisha kila bakteria bila kubagua haistahili kuitwa prebiotiki.

REHEMA: Na kwa nini mwili wetu unashindwa kuzitumia sukari hizo wakati bakteria wanaziweza?

IDI: Sababu iko katika vifungo vinavyoshikanisha sukari moja na nyingine. Inulini, kwa mfano, ni mnyororo wa fruktosi ambao kwa kawaida huwa na glukosi moja kwenye ncha yake, na utumbo wetu mwembamba hautengenezi kimeng'enya cha kukata vifungo vya aina hiyo. Mnyororo hupita karibu mzima hadi utumbo mpana. Huko ndiko ushindani unakoanza, kwa sababu kumeng'enya inulini kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: kimeng'enya cha kuikata, na protini za kuingiza vipande ndani ya seli. Bifidobakteria wengi, kundi la bakteria wa utumboni wanaotumika kama probiotiki, huvuta minyororo mifupi ikiwa mizima na kuikata ndani ya seli, hivyo jirani hapati chochote. Bakteria wengine hukata nje ya seli, na sukari zinazoachiliwa huliwa na yeyote aliye karibu.

REHEMA: Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba inulini inakuza probiotiki, kana kwamba probiotiki wote ni wamoja?

IDI: Si sahihi hata kidogo, na kauli hiyo hunisikitisha kila ninapoisoma kwenye vifungashio. Hata ndani ya spishi moja, nasaba moja, yaani ukoo mmoja wa bakteria, inaweza kustawi kwa fruktooligosakaridi, ambazo ni minyororo mifupi ya fruktosi, huku nyingine ikidumaa, kwa sababu tu haina jeni zinazohusika. Kwa Lactobacillus acidophilus, bakteria mmoja wa probiotiki, imeonyeshwa kwamba jeni za kuingiza na kukata sukari hizo huwashwa na fruktooligosakaridi au sukrosi, na huzimwa glukosi inapokuwepo. Bakteria hula kwanza kilicho rahisi.

REHEMA: Jambo hilo la glukosi nadhani lina uzito hata katika vipimo vya maabara.

IDI: Lina uzito mkubwa, na nililijua kwa gharama. Nilipokuwa mwanafunzi niliongeza inulini katika mchuzi wa MRS, kimiminika cha virutubisho kinachotumika sana kuotesha laktobasili, kundi la Lactobacillus, nikapima kwa mwanga wa nanomita 600 jinsi mchuzi ulivyopoteza ung'avu kadiri bakteria walivyoongezeka, nikaona ukuaji mzuri, nikafurahi. Mwalimu wangu aliniuliza swali moja tu: mchuzi huo una glukosi kiasi gani? Una gramu 20 kwa lita. Bakteria wangu walikuwa wamekula glukosi, na inulini huenda hawakuigusa. Tangu siku hiyo ninaandaa mchuzi usio na sukari, kisha naweka chupa moja yenye prebiotiki pekee, nyingine yenye glukosi, na nyingine isiyo na chochote. Vilevile huchunguza usafi wa prebiotiki yenyewe, maana unga wa fruktooligosakaridi mara nyingi hubeba masalia ya glukosi, fruktosi na sukrosi, na masalia hayo peke yake yanaweza kuupandisha mchoro wa ukuaji kwa saa za mwanzo kabla haujalala.

REHEMA: Urefu wa mnyororo nao unabadilisha nini?

IDI: Mnyororo mfupi huchachushwa haraka, mwanzoni mwa utumbo mpana, mrefu huenda polepole na kufika mbali zaidi. Nasaba nyingi huweza mifupi, na chache ndizo huweza mirefu.

REHEMA: Mimi hunigusa zaidi mfano wa maziwa ya mama.

IDI: Nami pia. Lita moja ya maziwa ya mama hubeba takriban gramu 5 hadi 15 za oligosakaridi, yaani minyororo mifupi ya sukari, ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi. Bifidobacterium longum wa jamii ndogo ya infantis ana jeni za kuingiza na kukata sukari hizo, na ndiyo maana hutawala utumbo wa watoto wengi wanaonyonya. Mama anamlisha mtoto, na papo hapo anawalisha bakteria wa mtoto.

REHEMA: Wakishakula, wanatoa nini?

IDI: Bifidobakteria hutoa asidi asetiki na asidi laktiki. Asidi hizo hushusha pH, yaani huongeza uchachu wa utumbo, na bakteria wengi wasumbufu hawastahimili hali hiyo. Kisha bakteria wengine, kama Faecalibacterium prausnitzii, ambaye hutumia asetati inayotokana na asidi asetiki hiyo, hutengeneza butirati, asidi nyingine ambayo ni nishati ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Mpokezano huu hauonekani katika chupa yenye nasaba moja.

REHEMA: Na msikilizaji ambaye tumbo lake lilijaa gesi alipoanza kutumia inulini?

IDI: Bifidobakteria hawatoi gesi wanapochachusha sukari. Gesi hiyo imetoka kwa majirani waliopata sehemu ya chakula, hasa kama alianza na kiasi kikubwa. Ninamshauri apunguze, kisha aongeze kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa. Na ikiwa alitumia aina ya mnyororo mfupi, ajaribu ile ya mnyororo mrefu, ambayo huchachushwa taratibu zaidi.