Namna ya Kutabiri Kupasuka kwa Gamba la Fueli ya Nyuklia

Assalamu alaykum, watazamaji. Hapa Mbweni, Unguja, hatuna kinu cha nyuklia. Tuna jiliwa, msumeno wa chuma na bomba la antena kuukuu, navyo vyatosha kuonyesha hatua za kipimo.

Gamba la fueli ni bomba la aloi ya zirkoni linalofunika vidonge vya fueli, ambalo katika vinu vingi vya maji yenye shinikizo lina kipenyo cha karibu milimita 9.5 na ukuta usiofika milimita moja. Likikaa kinuni kwa miaka, hushika oksaidi kwa nje na kunyonya haidrojeni, ambayo hujikusanya kuwa vipande vya haidraidi (mchanganyiko wa haidrojeni na zirkoni) vinavyolifanya livunjike kwa urahisi.

Kateni pete nyembamba, kisha lainisheni kingo zake kwa msasa, kwa sababu mkwaruzo mmoja huanzisha ufa na kuwapa jibu la uongo. Tieni ndani ya pete nusu mbili za nondo, mzivute ziachane, huku mkiandika nguvu na mrefuko. Tunaivuta kwa mzunguko wake makusudi, maana huko ndiko vidonge vya fueli vinakolisukuma gamba vinapopanuka ghafla. Sampuli iliyotoka kinuni ina mnururisho, hivyo hushughulikiwa kwa mikono ya mashine nyuma ya kuta nene. Nayo hupimwa pia ikiwa moto, kwani inayovunjika kama kigae katika joto la chumba huweza kunyumbuka ikifika nyuzi 300.

Sasa choreni grafu ya mkazo (nguvu igawanywe kwa eneo la mkato wa pete) na mrefuko. Wengi hukimbilia kilele, na hapo ndipo wanapopotea: chuma kilichopigwa na nyutroni mara nyingi huwa na nguvu kuliko kipya, lakini hukatika kabla hakijarefuka sana. Pimeni eneo lote lililo chini ya mstari hadi pete inapokatika, kwani hiyo ndiyo nishati ambayo kila ujazo wa chuma umeistahamili.

Sampuli ambazo oksaidi yake imebambuka zitengwe, kwa kuwa pale palipobambuka hupoa zaidi na haidrojeni hukimbilia hapo. Mkizichanganya na nyingine, wastani wenu hautaeleza hizi wala zile.

Hatimaye, programu ya kompyuta hukokotoa nishati itakayolielemea gamba katika ajali, kwa mfano fimbo ya udhibiti, ile inayopunguza kasi ya mmenyuko kinuni, inapochomoka ghafla. Ikizidi ile ya kipimo, hesabuni kuwa gamba limepasuka. Na kwa kuwa nukta za vipimo hutawanyika, choreni mstari mmoja upitao katikati yake na wa pili chini ya zilizo nyingi, muutumie huo wa pili kwa masuala ya usalama.